Habari za Michezo na Burudani Katika Kibera na Kawangware



Kila mwaka kitabu hiki huwaleteeni hesabu ya ada zilizokusanywa, wagonjwa waliotazamwa na marehemu waliosafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Safari hii Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi tuandike pia habari za michezo, kwa sababu katika mkutano mkuu uliopita lilizuka swali zito ambalo halikupata jawabu. Baadhi ya wazee walisema kwamba fedha ya chama ni ya maziko na shida, na ya kuwa mpira ni jambo la vijana, basi vijana na wautafutie njia wenyewe. Swali hilo ni la haki, wala hatulidharau. Lakini kabla shauri halijakatwa yafaa tutazame nyuma, tujue burudani za mji huu zilianzaje, nani alizilipia, na kwa nini nyingine zilikufa na nyingine zikadumu.

Tuanze na Kibera. Mahali hapo palianza kuwa maskani ya askari wa jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya. Askari hao walikuwa na asili ya Sudan, na wazao wao ndio Wanubi tulio nao leo. Hata jina la Kibera limetoka katika lugha yao, na maana yake ni msitu. Mwaka 1918 eneo hilo, lenye ekari 4,197, liliwekwa rasmi kuwa la jeshi, na mwaka 1928 likatolewa mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya serikali ya kiraia. Askari mstaafu aliruhusiwa kujenga na kulima, lakini hakupewa hati ya kumiliki. Neno hili tunaomba mlishike, maana tutalirudia.

Watu wa Kibera walikuwa na burudani zao. Wanubi walikuja na ngoma yao ya doluka, ambayo hata leo huchezwa katika harusi. Tena katika miaka ya Vita Kuu ya 1914–1918 askari na wachukuzi waliieneza barani ngoma ya beni iliyotoka pwani, yenye tarumbeta, gwaride na vyeo, hata mmoja akaitwa mfalme, mwingine jenerali, na mwingine daktari. Wageni wengi waliiona beni kuwa mzaha tu wa kuigiza Wazungu. Hawakujua ya kuwa vyama vya beni vilichangisha fedha, vikawatazama wanachama waliougua na kuwazika waliofariki. Basi mzee asemaye kwamba maziko na mchezo havikai katika daftari moja, na akumbuke kwamba katika vyama vya kale vya mijini daftari hizo mbili zilikuwa moja. Watu walizikana kwa sababu walikuwa wamekwisha kucheza pamoja na kujuana.

Kawangware ina habari nyingine. Sehemu ile ilikuwa katika nchi ya Wakikuyu ya Dagoretti, nje ya mipaka ya Nairobi, hadi mipaka ilipopanuliwa karibu na wakati wa uhuru wa mwaka 1963. Katika miaka ya 1950 mashamba ya Wakikuyu yalipimwa na kuandikishwa, kila kipande kikapata mwenyewe. Baadaye watu wa kazi walipomiminika kutafuta vyumba vya bei nafuu, wenye mashamba walijenga nyumba za kupangisha, na migunda ikawa mitaa. Kwa hiyo Kibera ardhi ilikuwa ya serikali, na Kawangware ilikuwa ya watu binafsi. Mambo haya mawili ni mbalimbali, lakini kwa mtoto anayetafuta mahali pa kupiga mpira yalimfikisha pamoja: hapakuwa na kiwanja kilichoandikwa kuwa cha wote.

Ama upande wa mashariki wa mji, Baraza la Mji lilifanya kazi yenye kuonekana. Palijengwa Pumwani Memorial Hall katika miaka ya 1920, kwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita Kuu, na katika miaka ya 1940 ukajengwa ukumbi wa Kaloleni, ambao wananchi waliuita Bunge kwa jinsi ulivyojaa mikutano ya siasa. Baada ya Vita ya Pili mambo ya Waafrika katika Baraza yalisimamiwa na Tom Askwith, mtu aliyewahi kupiga makasia katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1932 na 1936. Bila shaka hakuhitaji kuelezwa faida ya mchezo. Lakini tuulize fedha ilitoka wapi. Tangu miaka ya 1920 Baraza lilikuwa limejipa haki ya kuuza pombe ya kienyeji peke yake, na faida yake iliwekwa kando kwa mahitaji ya Waafrika, pamoja na kumbi na michezo. Hivyo mfanyakazi alijilipia burudani yake kikombe kwa kikombe, ilhali ufunguo wa ukumbi na daftari ya faida vilibaki mikononi mwa mwingine.

Huduma hizo zilifuata nyumba za kupangisha za Baraza. Kibera haikuhesabiwa kuwa mtaa wa Baraza, na Kawangware ilikuwa nje ya mji kabisa. Kwa hiyo kumbi za namna hiyo hazikufika kwetu. Hata hivyo mtu asiseme kwamba upande huu haukuwa na nafasi ya burudani. Jirani kabisa na Kibera kuna uwanja wa gofu wa klabu iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo mwaka 1935 ilipewa na Mfalme wa Uingereza heshima ya kuitwa Royal. Mwaka 1953 palikamilishwa Bwawa la Nairobi, na watu wakapeleka huko mashua za tanga kwa starehe, mpaka uchafu na magugu yakalishinda. Nafasi ilikuwapo, ila mtu wa Kibera aliitazama kutoka upande wa pili wa ua.

Waafrika hawakukaa wakingojea. Mpira wa miguu ulikuwa umekwisha kushika mizizi. Mashindano ya Kombe la Gossage baina ya Kenya na Uganda yalianza mwaka 1926. Vyama vya ustawi vya makabila, vilivyoundwa na wafanyakazi wa mijini kwa ajili ya wagonjwa na wafu wao, vikaanza kuwa na timu. Luo Union ilikuwa na timu yake. Mwaka 1964 timu za Waluhya ziliungana zikawa Abaluhya, na mwaka 1968 timu za Wajaluo ziliungana zikawa Gor Mahia. Kisha mwaka 1980 serikali iliamuru vyama vya makabila vivunjwe. Luo Union ikafungwa, na umoja wa Waluhya kadhalika. Afisi zikafungwa, mihuri ikakoma kupigwa. Lakini timu hazikufa. Abaluhya ilibadili jina ikawa AFC Leopards, na Gor Mahia iliendelea, hata mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika. Wazee wetu, jambo hili tulipime kwa makini. Vyama vilivyokuwa vikubwa kuliko chetu vilipoondolewa, kilichosalia mikononi mwa watu ni kile ambacho vijana walikuwa wamekifanya chao.

Mwaka huohuo wa 1987 huko Mathare ilianzishwa Mathare Youth Sports Association, kwa jitihada ya Bob Munro kutoka Canada pamoja na vijana wa pale. Walifanya jambo jipya: timu iliyotoka kwenda kuzoa taka mtaani iliongezewa alama katika jedwali la ligi, sawasawa na timu iliyofunga mabao. Kibera nako, mwaka 2001, palianzishwa Carolina for Kibera na Tabitha Atieno Festo, Salim Mohamed na Rye Barcott, ikiwa na ligi iliyotaka wachezaji wa makabila mbalimbali wachanganyike katika timu moja. Mwaka 2004 kijana wa Kibera, Kennedy Odede, alianza kazi ya SHOFCO akiwa na mpira mmoja tu wa kuwakusanya wenzake.

Hatutaki kusema kwamba mpira ni dawa ya kila ugonjwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kibera iliwaka moto, watu wakauawa, majirani wakakimbiana, na reli ing'olewayo ikaonekana dunia nzima. Ligi haikuzuia hayo. Lakini fujo zilipotulia, watu waliogopa kuingia nyumba ya jirani, wala hawakuogopa kusimama kando ya kiwanja. Kwa mwanzo wa kuamkiana tena, mahali hapo palitosha.

Sasa tuje kwetu, tena tuseme pamoja na makosa yetu. Kule Kawangware tulipata kiwanja kwa hisani ya mwenye shamba mmoja. Tulikubaliana kwa mdomo, tukasawazisha ardhi, tukapiga mistari ya chokaa, tukasimamisha magoli ya miti. Mwenye shamba alipofariki warithi wake waligawana urithi, na kabla ya mwaka kwisha mawe ya msingi yalikuwa yamemwagwa katikati ya uwanja. Hatuwalaumu, mali ilikuwa yao. Kosa lilikuwa letu, maana hatukuandikiana hata karatasi moja. Kibera nako tunagawana kiwanja na timu nyingine, mikutano ya siasa na mahubiri ya Jumapili, na mvua ikinyesha sote hushindwa na tope. Tena mipira na nyavu zilipotea mara mbili, kwa kuwa ziliwekwa nyumbani kwa yeyote aliyekuwa na nafasi chini ya kitanda. Mali bila daftari huisha bila habari. Na sisi, ambao kazi yetu ni daftari, tuliona haya.

Kosa la tatu lilikuwa la wasichana. Saa zote nzuri za jioni zilichukuliwa na wavulana, na wasichana wa mpira wa pete wakaachiwa saa ya jua kali au saa ya giza. Mama mmoja mwanachama alituuliza kama ada yake ni nusu. Hatukuwa na jawabu.

Kutokana na habari hizi zote, twaleta mbele ya mkutano mashauri matatu. Kwanza, sehemu ya ada, ndogo lakini ya kudumu, iwekwe katika daftari ya michezo iliyo mbali na ile ya maziko, ili mkono mmoja usiibe mwingine. Daftari hiyo isomwe hadharani kila miezi mitatu, na anayechukua mpira atie sahihi. Pili, vijana wenyewe, wavulana na wasichana kwa hesabu sawa, wachague kamati yao ya kugawa saa na waamuzi, nasi wazee na makarani tuwe wakaguzi tu. Tatu, kiwanja chochote tutakachotumia kiandikiwe mapatano, iwe kwa shule, kanisa, msikiti au mtu binafsi, na nakala ikae afisini.

Juu ya shauri hili la tatu tumeahidi kulirudia lile neno la hati. Wanubi waliowekwa katika ekari 4,197 mwaka 1918 walikabidhiwa hati yao mwaka 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288. Ilichukua miaka 99, na ardhi nyingi ilikuwa imekwisha kwenda. Ikiwa watu walioishi pale tangu babu zao walipatwa na hayo kwa kukosa karatasi, sisi wenye magoli ya miti tutasimama wapi?

Mwisho, kwa wazee waliouliza swali la mwaka jana: maziko yetu yatachukuliwa na nani sisi tutakapokuwa ndani ya jeneza? Wale watakaobeba ni vijana wanaocheza leo. Wakitujua watakuja, na wakituona kuwa watu wa kudai ada tu, chama kitazikwa pamoja nasi. Shauri ni lenu katika mkutano.

Ni sisi watumishi wenu,
Ofisi ya Chama.