Shilingi ya Waziri

Katika msimu wa bajeti Dodoma, baada ya hotuba ndefu za mawaziri na michango ya wabunge, huja saa ambayo Spika huacha kuwa Spika. Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi, yeye huitwa Mwenyekiti, na Katibu huanza kusoma vifungu kimoja kimoja. Akifikia kile chenye mshahara wa Waziri, wabunge husimama. Mmoja hupewa nafasi. Anaeleza kero yake, iwe barabara, maji, pembejeo au pensheni za wastaafu, kisha anaonya kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha ataondoka na shilingi ya Waziri.

Shilingi moja! Kijana wa leo hajawahi kununua kitu kwa sarafu hiyo. Serikali inayoomba matrilioni inatishiwaje na mtu anayetaka kupunguza shilingi? Swali hilo ndilo lililonifanya niifuate shilingi hii kinyumenyume, na njia yake inaanzia mbali.

Inaanzia London, kwenye Bunge la Makabwela la Uingereza. Mwaka 1713 wabunge wa huko waliweka katika kanuni zao za kudumu kwamba ombi la fedha za umma lazima lipendekezwe na Mfalme au Malkia, maana yake Serikali. Mbunge wa kawaida akabaki na uwezo wa kukataa au kupunguza, si kuongeza. Basi aliyetaka kuibana Serikali alitafuta pa kupunguzia, na mahali pazuri kuliko pote palikuwa mshahara wa Waziri mwenyewe. Sababu ni ya kiufundi: ukijadili fungu la mabuti ya askari utazuiwa kutoka nje ya mabuti, lakini mshahara wa Waziri unabeba sera yote ya wizara. Ukipendekeza upunguzwe pauni 100, umefungua mlango wa kumhoji kwa lolote alilofanya au aliloacha kufanya.

Usiku wa Ijumaa, Juni 21, 1895, silaha hiyo iliua. Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, alikuwa ametoka kutangaza kustaafu kwa mkuu wa majeshi, binamu wa Malkia Victoria, jambo lililokuwa likingojewa kwa miaka. Alistahili kwenda kulala akiwa na furaha. Lakini mbunge wa upinzani, St John Brodrick, akasimama na madai kwamba jeshi halina akiba ya kutosha ya kodaiti, baruti ya risasi, na akataka mshahara wa Waziri upunguzwe pauni 100. Ukumbi ulikuwa na watu wachache. Kura zilipohesabiwa, hoja ilipata 132 dhidi ya 125. Waziri Mkuu Rosebery, aliyekuwa amechoshwa na serikali yake mwenyewe, akajiuzulu. Kura saba na pauni 100 za mshahara zikang'oa serikali ya dola iliyotawala robo ya dunia.

Hiyo ndiyo hofu iliyokuwa ndani ya hoja hii ilipokuwa kwao. Ilipovushwa bahari, umbo lilikuja na hofu ikabaki bandarini.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikaa mara ya kwanza Desemba 7, 1926, chini ya Gavana Donald Cameron. Taratibu zilikuwa za Westminster, hesabu ya viti ilikuwa ya kikoloni. Maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko wajumbe wengine, na Gavana mwenyewe ndiye aliyeongoza vikao hadi 1953. Katika baraza la namna hiyo unaweza kuuliza makadirio ya idara yoyote ukajibiwa kwa adabu zote, kisha kura ikaenda ilikokwisha kupangwa kwenda. Waafrika hawakuwamo kabisa hadi 1945, walipoteuliwa machifu Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Julius Nyerere alikalia kiti kwa muda mwaka 1954, akateuliwa tena 1957, na miezi michache baadaye akajiuzulu kwa kuona kwamba hakuna alichokuwa akikipata mle. Naye hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi.

Uhuru ulikuta baraza hilo katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, jirani na Bustani ya Mimea. Ukumbi ungali pale, nao ni mdogo kuliko unavyotarajiwa na anayejua mambo yaliyopitia ndani yake. Chini ya chama kimoja, kuikataa fedha ya Serikali kulimaanisha kumkataa Mwenyekiti wa chama chako mwenyewe. Hata hivyo mwaka 1973 wabunge waliukataa muswada wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais, akatishia kulivunja Bunge, na muswada ukapita.

Kitisho hicho kimo ndani ya Katiba hadi leo. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge aliyetumia akiba yake yote kwenye kampeni anaijua ibara hiyo kuliko anavyozijua nyingine nyingi. Nayo ibara ya 99 inarudia ile kanuni ya 1713 kwa mavazi mapya: pendekezo la kuongeza kodi au matumizi haliendi bila Serikali. Mbunge hawezi kuongeza, na kukataa chote ni hatari. Kilichobaki ni kupunguza kidogo, na kidogo kuliko vyote ni shilingi moja.

Kwa hiyo Dodoma imezaa sanaa yake. Mbunge anatoa hoja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, wachache wanachangia, Waziri anajibu. Kisha Mwenyekiti anamgeukia mwenye hoja kumuuliza kama anarudisha shilingi. Mara nyingi anarudisha. Ameahidiwa kwamba mkandarasi atapatikana, au wataalamu watakwenda jimboni kwake, na kauli hiyo imeingia kwenye Taarifa Rasmi. Waziri analindwa na wingi wa chama chake, na mbunge ana cha kuwapelekea wapigakura. Sidharau biashara hii. Wapo walioona kisima kikichimbwa kwa sababu yake. Lakini ilitegemea sana kuonwa na kusikiwa, na Januari 2016 Serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa kisingizio cha gharama, thamani ya shilingi ilishuka kuliko wakati wowote wa mfumuko wa bei.

Je, imewahi kuuma? Siku iliyokaribia zaidi ni Julai 18, 2011, enzi ambazo mjadala wa bajeti ulikuwa ukifika hadi Agosti. Nchi ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme, na Waziri wa Nishati na Madini, William Ngeleja, alikuwa akiomba fedha za wizara yake. Beatrice Shellukindo, mbunge wa Kilindi kwa tiketi ya chama tawala, akasimama na barua. Ilikuwa imetoka kwa Katibu Mkuu wa wizara hiyohiyo, David Jairo, kwenda kwa taasisi zilizo chini yake, ikizitaka zichangie shilingi milioni 50 kila moja kwa ajili ya kufanikisha bajeti hiyo bungeni.

Ukumbi ulichafuka. Safari hii hapakuwa na haja ya kushika shilingi, kwa kuwa wabunge wa pande zote walikuwa tayari kukataa fungu zima. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliomba bajeti iondolewe, ikarekebishwe kwa wiki tatu. Agosti ilirudi na mpango wa dharura wa umeme, ikapita.

Ninaposoma tena kisa hiki naona kwamba si ukali wa maneno uliotisha. Maneno makali yalikuwapo mwaka mzima. Kilichotisha ni karatasi yenye saini. Mbunge mwenye hati mkononi hakuhitaji ahadi ya Waziri, na Waziri hakuwa na cha kumuahidi.

Jairo alipewa likizo, uchunguzi wa Mkaguzi Mkuu ukafuata, na Katibu Mkuu Kiongozi akatangaza kuwa hana kosa, arudi kazini. Bunge likawaka upya na kuunda kamati teule chini ya Ramo Makani. Novemba kamati ilileta ripoti iliyowakosoa Jairo na waliomsafisha. Ngeleja, hata hivyo, alibaki kwenye kiti chake. Aliondoka Mei 2012, pamoja na mawaziri wenzake kadhaa, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kujadiliwa bungeni na mbunge Zitto Kabwe kukusanya saini za wabunge zaidi ya 70 za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Uamuzi ulitangazwa Ikulu. Mshahara wa Waziri, ule uliobeba sera yote ya wizara, Bunge lilikuwa limekwisha kuupitisha Agosti.