Redio Zilizonyamaza Ng'ambo ya Ruvuma

Msomaji mwenzangu, mtu wa Dar ukimtajia Mtwara atakuuliza korosho, atakuuliza gesi, basi. Mimi leo nataka tuongee kitu kisichoshikika: sauti. Huu mto Ruvuma tunaouita mpaka haujawahi kuwa mpaka wa sauti hata siku moja. Ukivuka kwa kivuko pale Kilambo unaulizwa karatasi. Mawimbi ya redio nani atayauliza?

Tuanzie mbali kidogo. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya kumng'oa Mreno vikaanza tarehe 25 Septemba 1964 pale Chai, Cabo Delgado. Shuleni tulikaririshwa bunduki na kambi ya Nachingwea. Kipaza sauti hatukuambiwa sana. Lakini Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu, iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika nafasi hewani, na FRELIMO wakawa na matangazo yao wenyewe kutokea Dar. Sauti ikatoka kwetu ikavuka mto kwenda kwao. Kwa mtu aliyekuwa chini ya Mreno, kufungua masafa yale halikuwa jambo la kufanya mlango ukiwa wazi.

Kuna babu mmoja fundi redio pale Chikongola, nilimwamkia shikamoo nikamuuliza habari za siku zile. Akacheka. "Mjukuu wangu, betri zilikuwa ghali kuliko mchele. Zikiisha tunazianika juani kama dagaa, usiku tunapata dakika chache za taarifa ya habari." Nimeipenda hiyo ya dagaa, nikaiandika pale pale.

Na vita vyenyewe viliishia redioni, asikwambie mtu. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno waliochoka kupigana Afrika waliipindua serikali yao, na moja ya ishara walizokubaliana ilikuwa wimbo uliopigwa redioni usiku wa manane. Tarehe 7 Septemba mwaka huo huo mkataba wa kusimamisha vita ukatiwa saini Lusaka. Siku ile ile, walowezi wasiotaka uhuru wa Msumbiji walikwenda wapi? Si ikulu. Walivamia Rádio Clube kule Lourenço Marques, wakaishikilia siku kadhaa wakitangaza mambo yao. Walijua wanachokifanya. Uhuru ulikuja tarehe 25 Juni 1975, na redio ikawa Rádio Moçambique, ya taifa. Upande wetu nako ilikuwa hivyo hivyo, redio moja ya serikali, mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi. Msumbiji walitutangulia kidogo, sheria yao ya habari ni ya mwaka 1991.

Hapo ndipo zilipotoka redio ndogo ndogo ninazotaka kukusimulia. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992 kwa mkataba wa Roma, na miaka iliyofuata, UNESCO na wafadhili wengine wakisaidia, wilaya nyingi zikapata redio ya jamii. Usifikirie majumba ya vioo. Ni chumba kimoja au viwili, magodoro au makasha ya mayai ukutani kuzuia mwangwi, mtambo wa FM, mnara, na vijana wanaojitolea. Mshahara hakuna, labda nauli. Wanatangaza misiba, mbuzi aliyepotea, chanjo ya watoto, bei ya samaki. Na wanatangaza kwa Kireno na kwa lugha za nyumbani, Kimwani, Kimakonde, Kimakua. Kimwani ni ndugu wa Kiswahili. Mtu wa Mikindani akikisikia anashika maneno mawili matatu, la nne linampotea, la tano analishika tena.

FM lakini si masafa mafupi ya zamani. Masafa mafupi yanagonga anga za juu yanarudi chini, ndiyo maana Dar iliweza kusikika mbali vile. FM inakwenda kwa mstari ulionyooka. Mnara ukiwa mfupi, mlima mmoja tu unaimaliza. Kwa hiyo redio ya jamii ni ya watu wa hapo hapo, na ikizimika hakuna mwingine wa kuwasemea.

Sasa zilizimikaje? Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na mkoa mzima wa Cabo Delgado ukaingia kwenye moto. Walioteseka mapema ni hao hao vijana wa redio. Januari 2019 Amade Abubacar, wa redio ya jamii ya Nacedje pale Macomia, alikamatwa akiwa anazungumza na watu waliokimbia makwao. Aliwekwa ndani hadi Aprili. Mwezi huo huo wa Aprili kimbunga Kenneth kikapita Macomia. Halafu tarehe 7 Aprili 2020 Ibraimo Abu Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, alitoka kazini jioni. Alimtumia mwenzake ujumbe wa simu kwamba amezungukwa na wanajeshi. Hajaonekana tena.

Palma, ndugu msomaji, kwa mstari ulionyooka ni kilomita sitini na kitu tu kutoka hapa Mtwara. Ni karibu kuliko Masasi! Na sisi kijiweni tulikuwa tunabishana Simba na Yanga.

Mwaka ule wa 2020 ulikuwa mbaya. Mei wapiganaji waliingia Macomia. Agosti waliishika Mocímboa da Praia, wakakaa nayo karibu mwaka mzima hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoichukua Agosti 2021. Oktoba moto ukavuka mto: tarehe 14 walishambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu huu. Mwisho wa mwaka ilikuwa zamu ya Muidumbe, kwenye redio ya Kanisa Katoliki iliyoitwa São Francisco de Assis. Halafu tarehe 24 Machi 2021 ikaja Palma yenyewe, watu wakakimbia kwa miguu, kwa mitumbwi, wengine wakija huku kwetu. Mji ukiwa mtupu redio inamtangazia nani?

Kuna watu wanadhani kurudi hewani ni kubonyeza swichi. Fikiria mwenyewe. Mtambo ukiibiwa au ukiungua, mwingine unaagizwa nje. Umeme haujarudi, kwa hiyo jenereta, na jenereta inakunywa mafuta. Watangazaji wametawanyika, mmoja Pemba mjini (ile Pemba yao, si ya Zanzibar), mwingine Nampula, mwingine ameamua kuuza vocha na harudi tena. Duka lililokuwa linalipia tangazo la sabuni limefungwa. Na juu ya yote hayo ipo hofu. Mtangazaji akisema barabara ya Macomia si salama, mkubwa atamuuliza umeambiwa na nani? Akisema ni salama, na mtu akapita akauawa, je? Ujumbe wa mwisho wa Ibraimo wanaujua wote.

Linganisha na gesi. Mradi wa gesi wa pale Afungi, karibu na Palma, unatajwa kuwa wa dola bilioni 20. Aprili 2021 kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kusimamisha, mwaka 2025 ikaondoa zuio hilo. Dunia nzima ilikuwa inahesabu siku za gesi. Siku za redio zilihesabiwa na wachache, wale wa MISA na wa FORCOM, umoja wa redio za jamii wa Msumbiji. Sisemi gesi ni mbaya. Watu wa Mtwara tunaijua gesi na maneno yake, tuliyaona mwaka 2013. Nasema tu kwamba mtambo wa redio ndogo haufiki hata bei ya gari moja la wakubwa wa mradi.

Wenzetu wa Burundi walionja kitu cha namna hii, ila kwao aliyezima alikuwa mwingine. Mei 2015, jaribio la mapinduzi liliposhindwa, redio za Bujumbura zilishambuliwa na kuchomwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, nayo ilishambuliwa. Februari 2016 Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi, baada ya kutia saini karatasi ya masharti. Bonesha ilisubiri hadi Februari 2021. Watu wa RPA walikwishakimbilia Rwanda, wakarekodi vipindi wakavisambaza kwa simu na intaneti, sauti ikipita mfukoni badala ya mnarani. Mwaka 2021 Rwanda na Burundi zilipoanza kupatana, wakaambiwa na huko wanyamaze. Kwa hiyo kuna redio inayorudi ikiwa na mtambo mpya na ulimi mfupi, na kuna inayobaki na ulimi wake bila mtambo. Mimi ningechagua ipi sijui, ila sipendi anayemcheka aliyetia saini.

Kwetu Mtwara tunazo redio, Jamii FM ya Naliendele, Safari, Pride, na Newala wanayo yao. Ukikaa karibu na mto, usiku mtulivu, nyingine zinasikika ng'ambo. Lakini kwa masharti ya leseni zetu utangazaji ni wa Kiswahili au Kiingereza. Mama wa Kimwani aliyebaki Palma atatusikia tunapiga Bongo Fleva, tunatoa salamu, tunataja bei ya korosho, naye anataka kujua kama barabara ya Mocímboa inapitika kesho.

Nilimuuliza yule babu wa Chikongola kama siku hizi huwa anatafuta stesheni za kusini. Alizungusha kitufe taratibu, ukasikika mchakacho, ukapita muziki, ukapita mchakacho tena. "Hapa," akasema akiweka kidole kwenye kioo, "palikuwa na kijana anasoma salamu."