Duara Lililoisumbua Mashine

Ndugu zetu waliosoma hisabati kwa jedwali za logi, bikari na karatasi ya miraba husema, kila tukutanapo, kwamba vikokotoo vya grafu vimewafanya vijana kuwa wavivu wa kufikiri. Mimi sioni hivyo, na shahidi wangu ni duara.

Itakumbukwa kwamba kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani kilikuwa Casio fx-7000G, mwaka 1985. Kioo chake kilikuwa na nukta 96 kwa upana na 64 kwa kimo, na nafasi ya kuhifadhi programu ilikuwa baiti 422 tu. Kikipewa fankisheni, tuseme y = x², kilikwenda safu kwa safu, na kwa kila x kikatafuta y moja na kutia nukta. Y moja tu! Sasa chukua x² + y² = 25. X ikiwa 0, y ni 5 na pia ni −5. Duara si fankisheni, jambo ambalo bikari haikumwonyesha mtu, kwa kuwa bikari haiulizi y ni ngapi.

Ilimbidi mwanafunzi alipasue duara vipande viwili: y = √(25 − x²) kwa nusu ya juu, na y = −√(25 − x²) kwa nusu ya chini.

Huko Marekani, walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Franklin Demana na Bert Waits, walianza kuwafundisha walimu wenzao kutumia mashine hizi darasani. Texas Instruments ikatoa TI-81 mwaka 1990, na TI-83 mwaka 1996.

Hii TI-83 ndiyo ya kuitazama. Ukiiwekea mihimili yote miwili kutoka −10 hadi 10, duara linatoka kama yai lililolala, maana kioo ni kipana kuliko kimo chake. Tena lina mapengo kushoto na kulia. Kwa nini? Grafu ina safu 95, hivyo kila hatua ni 20/94. Safu ya mwisho ndani ya duara ni x = 4.89, ambapo y ni kama 1.03, safu inayofuata ni 5.11, na hapo kipeuo ni cha namba hasi. Mashine inanyamaza.

Weka x kutoka −9.4 hadi 9.4, na y kutoka −6.2 hadi 6.2. Hatua inakuwa 0.2 pande zote, x inatua juu ya 5 barabara, na duara linafunga, la mviringo kamili. Kijana aliyezipata namba hizo kwa akili yake mwenyewe hakuwa mvivu.

TI-83 ina pia amri ya kuchora duara kwa kutaja kitovu na nusu kipenyo. Lakini hilo ni picha tu. Ukitaka kutembeza alama juu yake usome x na y, haitembei.