Mtutu Mfupi: Historia ya Kupungua kwa Urefu wa Bunduki

Baruti ikiwaka hugeuka gesi, na gesi huisukuma risasi maadamu imo ndani ya mtutu. Mtutu ukiishia kabla baruti haijamaliza kuungua, nguvu iliyosalia hutokea mdomoni kama mwali na mshindo. Ndiyo sababu kila aliyefupisha bunduki alilazimika kujua kwanza ni baruti gani iliyomo.

Brown Bess, bunduki ya jeshi la Uingereza ya karne ya 18, ilianza na mtutu wa inchi 46. Hapo baruti haikuwa sababu pekee. Askari walipiga wakiwa wamesimama kwa safu, wa nyuma akipitisha mtutu kando ya kichwa cha wa mbele, na bunduki ikishatiwa singe iligeuka mkuki wa kumzuia mpanda farasi. Mwishoni mwa karne hiyo, vita na Ufaransa vilipodai bunduki nyingi kwa haraka, jeshi lilichukua aina iliyokuwa ikitengenezewa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, yenye mtutu wa inchi 39. Ni hiyo iliyopigana Waterloo mwaka 1815.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi, na hivyo mtutu mfupi ukaweza kutosha. Tofauti ya moshi ilionekana hata Afrika Mashariki: mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871, na wingu la moshi liliwafichua kila walipofyatua.

Mwishoni mwa karne ya 19 majeshi yalikuwa na silaha mbili, bunduki ndefu ya askari wa miguu na karabina ya wapanda farasi. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliondoa maana ya mgawanyo huo, kwani mpanda farasi alishuka na kupigana kama mwenzake wa miguu. Uingereza ikapunguza mtutu wa Lee-Enfield kutoka inchi 30 hadi 25 kwa askari wote. Marekani ikachagua inchi 24 mwaka 1903. Walenga shabaha walilalamika, lakini ndani ya mahandaki bunduki fupi ndiyo iliyofaa. Ujerumani nayo ilitoka milimita 740 hadi 600 mwaka 1935.

Hatua kubwa zaidi ilikuja risasi yenyewe ilipopunguzwa nguvu. Ikiwa na ganda fupi na baruti kidogo, AK ya Kisovieti ilitosheka na mtutu wa milimita 415.

Vita vya Vietnam vilionyesha mpaka wa kufupisha uko wapi. Bunduki ya M16 ilikuwa na mtutu wa inchi 20. Toleo fupi la vikosi maalumu lilikatwa hadi inchi 10, likapiga kelele na kutoa mwali mkali, hata mwaka 1967 likarefushwa hadi inchi 11.5. Wasovieti walikubali hasara hiyo kwa makusudi. AK-74 yenye mtutu wa milimita 415 hurusha risasi kwa mita 900 kwa sekunde. AKS-74U yenye milimita 206.5 hurusha kwa 735. Nusu ya mtutu imekwenda, lakini kasi imepungua kwa chini ya moja ya tano.

Kwa raia wa Marekani, kipimo kiliwekwa na sheria. Muswada wa silaha za moto wa 1934 ulikusudia kubana hata bastola, na kifungu cha bunduki fupi kiliwekwa ili mtu asikate bunduki kuifanya bastola. Bastola ziliondolewa, kifungu kikabaki, na hapo mantiki yake ikadhoofika. Bunduki yenye mtutu chini ya inchi 18, kiwango kilichoshushwa hadi 16 mwaka 1960, ilihitaji usajili na ushuru wa dola 200. Ushuru huo uliondolewa kuanzia 2026, usajili ukabaki. Silaha isiyo na kitako ilihesabiwa bastola, hata ikitumia risasi ya bunduki.

Katika mwanya huo ulizaliwa mtindo wa bastola zenye mitutu ya inchi 7 hadi 12. Risasi ya milimita 5.56 ya M16, iliyobuniwa kwa inchi 20, hupoteza kasi nyingi humo, kwa hiyo wengi husimama kwenye 10.5 au 11.5. Risasi ya .300 Blackout, iliyopewa viwango rasmi mwaka 2011, ilitengenezwa kwa kazi hiyo: baruti yake huungua karibu yote ndani ya inchi 9.