Mwalimu Ugenini: Walimu wa Kiswahili mjini Berlin, 1891-1905

Wanapotajwa wageni walioishi katika nchi za wengine wakati wa ukoloni, fikra zetu humwendea Mzungu mara moja: karani wa Kibelgiji mjini Elisabethville, mmisionari wa Kasongo, mhandisi wa migodi ya Katanga. Safari ya upande wa pili, ya Mwafrika aliyekwenda Ulaya kukaa na kufanya kazi ya mshahara, haijaandikwa sana. Makala haya yanatazama kikundi kidogo cha wasafiri wa namna hiyo. Yafaa sisi wa idara za Kiswahili tuwajue kuliko watu wengine wote, maana kazi yao ndiyo kazi yetu: walifundisha Kiswahili katika chuo kikuu.

Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, ili kuwatayarisha maofisa, wafanyabiashara na wakalimani waliotazamiwa kwenda ng'ambo. Darasa la Kiswahili lilikuwa na walimu wawili. Profesa Mjerumani alieleza sarufi. Kando yake alikaa mwenyeji wa lugha, aliyeitwa lekta, akafundisha matamshi, mazungumzo na kusoma hati za Kiarabu. Amur bin Nasur wa Unguja alishika kazi hiyo kuanzia 1891 hadi 1895, na masimulizi yake juu ya safari yake na mji wa Berlin yalichapwa mwaka 1894 katika kitabu cha C. G. Büttner. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alifika mwaka 1900.

Twaweza kuanza na jua, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza linalomsumbua mtu wa pwani akiwa kaskazini. Saa ya Kiswahili yahesabiwa kwa kuchomoza na kuchwa kwa jua. Mwezi wa Desemba jua la Berlin halichomozi mpaka saa mbili ya asubuhi imepita, nalo huchwa kabla ya saa kumi. Mwezi wa Juni, kwa saa za wakati ule, lilichwa saa mbili na nusu ya usiku. Basi saa ya mtu ikawa hailingani tena na anga. Ramadhani ya mwaka 1318 wa Hijra iliangukia mwisho wa Desemba 1900: mwenye kufunga huko angefuturu mapema kuliko ndugu zake wa Bagamoyo, lakini angefuturu na nani? Msikiti wa kwanza wa kuswalia nchini Ujerumani ulijengwa mwaka 1915, tena kambini Wünsdorf, kwa ajili ya mateka wa vita walio Waislamu. Kwa mtu aliyelelewa chuoni kwa Kurani, ambako sala na futari ni mambo ya jamaa nzima, upweke huu haukuwa jambo dogo.

Kisha kulikuwa na macho ya watu. Mwaka 1896 katika bustani ya Treptow, Berlin, watu zaidi ya 100 kutoka makoloni waliwekwa katika maonyesho, wakatazamwa na umati. Mwaka huohuo Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Bumiller kwenda Urusi na Siberia, alijionea jinsi watu wanavyokusanyika kumtazama mtu mweusi. Mwalimu wa Seminari alipita katika njia za mji huohuo wa maonyesho, naye ni mtumishi wa chuo kikuu cha mfalme. Darasani aliketi mbele ya vijana ambao kesho watakuwa mabwana wa nchi yake. Kwa mujibu wa lugha, yeye ndiye aliyejua. Kwa mujibu wa dola, wao ndio wakubwa. Kwa maoni yangu ugumu wa maisha yake ulikuwa hapo zaidi kuliko katika theluji, kwani baridi ina koti lake.

Mtoro alijibu ugeni kwa kuandika. Katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotoka Göttingen mwaka 1903, twasoma juu ya uzazi, chuo cha watoto, unyago, ndoa, ngoma, utumwa, maziko, na safari za biashara za kwenda bara, zile zilizoleta Kiswahili mpaka Manyema kwetu. Wenzake kadhaa walichangia, lakini sehemu kubwa ni yake. Jina lililo juu ya jalada, hata hivyo, ni la profesa wake, Carl Velten, na hata leo wengi wetu tunapokitaja twaandika «Velten 1903» bila kusita. Ni desturi mbaya, nasi tunaifundisha kwa wanafunzi.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke Mjerumani. Mwaka uliofuata alikosana na wanafunzi wasiomheshimu kama mwalimu, akaacha kazi. Mume na mke wakapanda meli kurudi kwao Mtoro. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya gavana Götzen haikuwaruhusu kushuka wakae. Götzen huyo ndiye aliyeivuka nchi yetu mwaka 1894, kutoka ziwa Kivu mpaka Matadi, wala hatusikii kwamba aliwaomba ruhusa wenyeji. Ndoa iliyokubaliwa na sheria mjini Berlin ilionekana pwani kuwa hatari kwa heshima ya watawala. Mwaka 1906 ofisi za koloni zilikatazwa kufunga ndoa za namna hiyo. Hivyo mtu alikuwa mgeni Ulaya kwa rangi yake, akafanywa mgeni kwao kwa ajili ya mkewe.

Walirudi Ujerumani. Kuanzia mwaka 1909 alifundisha Hamburg kwa miaka michache, chini ya Carl Meinhof. Baada ya vita Ujerumani haikuwa na makoloni tena, wala maofisa wa kufundishwa Kiswahili. Mtoro alipata riziki kwa kutoa mihadhara, kwa Kijerumani, juu ya maisha ya Afrika ya Mashariki, nchi ambayo hakuishi tena ndani yake mpaka alipofariki mwaka 1927.