Nani Humwagilia Mwezi wa Sita

Mwaka 1981, nikiwa darasa la nne hapa Dodoma, nilipewa mti. Niliupata kwa njia ileile wenzangu waliyopatia zamu ya kufagia darasa au kupiga kengele: mwalimu wa zamu alisoma majina kwenye daftari lake, akatutoa nje, akatupanga kando ya barabara, kila mmoja mbele ya mche wake. Wangu ulikuwa wa kumi na saba kuanzia getini. Ulikuwa mjohoro, haujanifika goti, umezungushiwa miiba ya mgunga ili mbuzi wasiufikie. Jumanne na Ijumaa kila mtoto aje na kidumu cha maji cha lita tano kutoka kwao. Mche ukikauka, mzazi ataitwa.

Mama hakupendezwa. Bomba letu lilikuwa la mtaa mzima, na foleni yake ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. "Maji ya kunawa hatuna, mwanangu, wewe unaibebea miti ya serikali?" Baba alimjibu huku akivua viatu vilivyojaa udongo: "Mwache aende, mama watoto. Huo mti ukifa nitaulizwa mimi."

Baba alikuwa mtunza kitalu. Ile mijohoro aliiotesha yeye, akaijaza mwenyewe kwenye viriba, udongo wa juu wa msituni, mchanga na samadi iliyooza. Likizo nilikuwa namfuata kazini. Nakumbuka alivyokuwa akiinua kiriba kimoja kimoja na kukata kwa wembe mizizi iliyotokeza chini, maana mzizi ukishajichimbia kwenye tuta la kitalu, siku ya kuhamisha mche unakatika wote na mche unakufa. Mwezi mmoja kabla ya kupanda alipunguza maji na kuondoa kivuli cha nyasi. Mimi niliuonea huruma ule mche uliolegea juani. Baba alisema mche uliodekezwa ukifika barabarani hauchukui wiki. Mashimo yalichimbwa Oktoba, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo wa juu ukawekwa upande huu na wa chini upande ule, ili ule wa juu wenye rutuba ndio urudi kwanza shimoni.

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka thelathini na moja, na tangu nistaafu nimekuwa nikijiuliza ile amri ya kidumu ilitoka wapi, na kwa nini sijaiona tena.

Amri za miti katika nchi hii ni za zamani. Wajerumani walitoa sheria yao ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, miaka sita kabla reli yao haijafika Dodoma. Waingereza walitoa ya kwao mwaka 1921, na mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji ikawapa watemi na machifu uwezo wa kutoa amri za kuzuia ukataji wa miti katika maeneo yao. Ukizipanga pamoja utasikia neno moja likirudiwa: usikate. Mti katika sheria hizo ni mali iliyokwisha kuwepo, inalindwa dhidi ya mwananchi mwenye shoka. Kivuli cha barabarani kilikuwa mambo ya Uzunguni, mtaa wa maofisa. Uswahilini mtu alipanda mwembe wake uani kwa hiari yake, au hakupanda.

Baada ya uhuru neno likawa: panda. Lakini kwa Dodoma lilikuja katika wakati wa ajabu, na hapa nataka niende polepole, maana ndipo ninapoona chanzo cha mambo mengi.

Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, Wagogo wakahamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika na kuwekwa vijijini. Kijiji kipya kinataka nguzo na fito, na vyote vinatoka porini. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuvunja halmashauri za wilaya na miji, madaraka yakapelekwa mikoani chini ya maofisa wa serikali kuu. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo sisi wote tuliiita CDA, ikaundwa. Kwa hiyo mji ulipoambiwa uwe makao makuu, haukuwa na baraza la madiwani. Haukuwa na diwani wa kuulizwa habari ya mti. Ulikuwa na mamlaka moja yenye ardhi yote, na mpango kabambe wa mwaka 1976 ulioandaliwa na Project Planning Associates ya Toronto, mji wa vitongoji vilivyotenganishwa na maeneo ya wazi yenye miti. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na sheria kamili ya serikali za mitaa ikaja mwaka 1982.

Mwaka huohuo wa 1973 ulianza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Huko Kondoa mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kumeza nyumba. HADO walichimba matuta na kupanda miti kwa miaka kadhaa, mifugo ikiendelea kupita juu yake. Mwaka 1979 serikali iliamuru ng'ombe, mbuzi na kondoo wote waondolewe katika eneo lililoharibika. Ilikuwa amri nzito, iliyoumiza watu, na siisifu kwa maumivu hayo. Lakini nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, mingi ya miti ikichipua yenyewe bila kitalu. Nimewahi kupita Kondoa na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nikawaonyesha ukingo wa korongo uliofunikwa na majani. Mmoja aliniuliza miche ilitoka kitalu gani. Nilifurahi sana kumjibu.

Nchi kavu inataka mti utunzwe baada ya siku ya kupandwa, na siku hizo za baadaye ndizo sheria zetu zimezipita mbio. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote huja kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Mche uliopandwa Januari una miezi mitatu ya kushika mizizi kabla ya kiangazi. Uliopandwa Aprili hauna hata mmoja.

Sasa tazama kalenda ya taifa. Siku ya kupanda miti zamani ilikuwa 1 Januari. Kwetu ilikuwa siku njema kabisa, ardhi imelowa na wanafunzi wako likizo. Baadaye ikahamishiwa 1 Aprili. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Kilimanjaro hiyo ni sawa, masika yamefika. Kwa mtu wa Dodoma ni kama kumwalika mgeni siku unayofunga jiko. Nimehudhuria upandaji wa Aprili, nimeshika jembe, nimepiga makofi hotuba ilipokwisha, na mwezi wa sita nimepita palepale nikakuta vijiti. Walioshiriki walikuwa na nia safi. Mji uliopewa tarehe ya pwani ungefanyaje? Nashukuru kwamba kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, aliyoizindua Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilianza Desemba 2017. Desemba ndiyo yetu.

Kuna pia hesabu. Kila halmashauri nchini imekuwa ikitakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mingi huenda mashambani na misituni, ambako haihitaji kidumu cha mtu. Mimi naihesabu ya barabarani. Kidumu changu kilikuwa cha lita tano, mara mbili kwa wiki, kwa wiki thelathini za kiangazi: lita 300 kwa mti mmoja kwa mwaka, na mti unataka hivyo miaka miwili au mitatu. Miti elfu moja inataka lita 300,000, yaani maboza thelathini ya lita 10,000. Mwaka 2012 tulihesabiwa watu 410,956 katika wilaya ya Dodoma Mjini. Mwaka 2022 tulikuwa 765,179. Maji hayo yanatoka bomba lilelile la watu hao. Taarifa nyingi za miti zinazosomwa kwenye mikutano zina safu ya miti iliyopandwa. Safu ya maboza sijawahi kuiona.

Halafu kuna suala la mwenyewe. Halmashauri ikitaka sheria ndogo ya miti, baraza la madiwani linaipitisha, waziri anaridhia, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, inakuwa sheria kweli. Lakini mti wenyewe umesimama katika hifadhi ya barabara, na tangu Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi hiyo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande badala ya 22.5. Juu yake kuna nyaya za umeme. Chini yake kuna bomba. Mwenye nyaya ana haki ya kukata matawi, mwenye bomba ana haki ya kukata mizizi, mwenye barabara ana haki ya kuondoa shina. Aliyeupanda alibaki na picha ya siku ya kupanda. CDA, yenye lawama zake nyingi juu ya viwanja na hati za miaka 33, angalau ilijulikana kwamba ndiyo yenye mji. Ilipovunjwa Mei 2017 shughuli zake zilikwenda kwa manispaa, na wengi tulishangilia kwa sababu ya viwanja. Miti hatukuifikiria siku ile, mimi nikiwemo.

Mjohoro wangu niliumwagilia hadi nilipomaliza darasa la saba. Mwaka wa pili ulinipita kimo. Safu nzima ilikuwa ya miche arobaini, na nilipokuwa mtu mzima nikihesabu iliyosimama nilipata ishirini na mitatu. Kwa Dodoma hiyo ni idadi kubwa, na kila mmoja ulikuwa na mtoto wake. Nilikuwa najua wa nani ni upi. Wa kumi na tisa ulikuwa wa rafiki yangu ambaye siku hizi ni bibi wa wajukuu sita huko Mpwapwa, na kila akija mjini alipita kuugusa. Akina mama waliuza karanga na maji ya baridi chini yake. Mwezi wa kumi, jua linapochoma mpaka lami inanata kwenye kandambili, kivuli cha mijohoro ile kilikuwa mahali pekee pa kusubiri daladala upande ule.

Barabara ikapanuliwa. Asubuhi moja nilikuta alama ya X nyekundu kwenye gome la mti wangu. Nilikwenda ofisi tatu. Ya kwanza ilinipeleka ya pili, ya pili ya tatu, na kijana wa ofisi ya tatu, mwenye heshima zake zote, aliniamkia, akanipa kiti, akaniuliza: "Mama, mti huo una hati?" Sikuwa nayo. Nilikuwa na kidumu tu, na daftari la mwalimu wa zamu lilishaliwa na mchwa zamani. Waliukata siku ya Alhamisi. Nilikaa ng'ambo ya barabara nikaangalia mpaka mwisho, maana niliona si haki uondoke bila mtu wake.

Ninachokitaka ni kidogo, nimekisema kwenye mkutano wa mtaa na nitakisema tena: kila mti wa barabarani uandikwe daftarini na jina la anayeumwagilia na tarehe, na daftari lisomwe mwezi wa sita na mwezi wa tisa. Mwenyekiti alikubali kwamba ni wazo zuri. Akauliza bili ya maji italipwa na nani. Swali lake ni la haki, na ndilo ambalo mama aliliuliza mwaka 1981.

Kwa sasa ninalo daftari langu mwenyewe. Januari iliyopita nilipanda miarobaini miwili nje ya uzio wangu. Wa kushoto ulikufa Agosti nilipokuwa msibani Kilosa wiki tatu. Kijana niliyemwachia dumu alipata kazi, akahama. Wa kulia kurasa zake zinaendelea. 14 Oktoba: lita tano, majani ya chini yameanguka. 18 Oktoba: lita tano, mbuzi wamevuta miiba, nimerudishia. 11 Novemba: lita tano, kichomozo kipya, chekundu. 27 Novemba: mawingu, lita tano. 2 Desemba: mvua, kama dakika arobaini. Maji sikutoa.