Uwazi wa bajeti za serikali za mitaa nchini Tanzania

Uwazi wa bajeti za serikali za mitaa ni hali ya wananchi kuweza kujua halmashauri, kata, kijiji au mtaa wao umepanga kukusanya fedha kiasi gani, zinatoka wapi na zimetumika kwa kazi gani. Uwajibikaji ni hatua inayofuata, yaani viongozi na watendaji kutoa maelezo ya matumizi hayo na kuchukuliwa hatua pale yanapokosekana. Mambo hayo mawili hutajwa pamoja, lakini hayafuatani kila mara: taarifa inaweza kubandikwa ukutani bila mtu yeyote kuulizwa.

Makala hii inahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za tawala za mitaa.

Msingi wa kisheria

Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Kati ya hizo, Sheria Na. 7 inahusu mamlaka za wilaya, Na. 8 mamlaka za miji na Na. 9 fedha za serikali za mitaa. Katiba, katika ibara za 145 na 146, inaeleza kuwa vyombo hivyo vipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Baadaye zilitungwa Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Hii ya mwisho inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30, ingawa taarifa za aina fulani zimezuiliwa.

Safari ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Kwa utaratibu, mipango huanzia kijijini au mtaani kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo wananchi hutaja vipaumbele vyao. Vipaumbele hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa halmashauri na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha hupitishwa na baraza la madiwani. Baada ya hapo makadirio huenda mkoani, TAMISEMI na hatimaye Bungeni.

Mahali ambapo sauti ya kijiji hupotea kwa urahisi ni kwenye ukomo wa bajeti. Ukomo huo hutolewa na serikali kuu, na sehemu kubwa ya fedha za halmashauri nyingi ni ruzuku yenye matumizi yaliyokwisha kupangwa, kama vile mishahara. Kijiji huomba zahanati, kisima na madarasa. Kinachobaki baada ya kukatwa ni darasa moja, na mara nyingi hakuna anayerudi kueleza kwa nini. Kwa kuwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye afisa masuuli, huteuliwa na Rais wala hachaguliwi na wakazi, anayebanwa kwa maswali ni diwani au mwenyekiti wa kijiji, hata kwa uamuzi usio wake.

Mkutano mkuu na ubao wa matangazo

Chombo kilicho karibu zaidi na mwananchi ni mkutano mkuu wa kijiji, unaowahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo halmashauri ya kijiji husoma taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa hiyo hubandikwa pia kwenye mbao za matangazo.

Ubora wa taarifa hutofautiana sana. Karatasi yenye mstari mmoja wa "shughuli mbalimbali" haimsaidii mtu. Ile inayotaja idadi ya mifuko ya saruji, bei yake, jina la mradi na salio la benki humwezesha hata fundi wa kijiji kuhakiki. Kwa mfano, tangu mwaka 2016 shule za msingi za serikali hupelekewa moja kwa moja sehemu ya ruzuku ya uendeshaji, shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka kati ya shilingi 10,000 zilizopangwa. Shule yenye wanafunzi 600 ingetarajia shilingi 3,600,000, sawa na 300,000 kwa mwezi. Mzazi anayejua idadi ya wanafunzi anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe na kuilinganisha na kilichoandikwa ubaoni.

Umuhimu wa hesabu za namna hiyo ulionekana mapema nchini Uganda. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kuwa kwa wastani shule zilipata takriban asilimia 13 tu ya ruzuku isiyo ya mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na redioni fedha zilizotumwa wilayani, na kuzitaka shule zibandike zilichopokea. Kiwango kilichofika shuleni kilipanda sana. Hata hivyo baadhi ya wachumi wamedai kuwa mageuzi mengine ya wakati huohuo yalichangia, na dai hilo lina uzito.

Ukaguzi

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukagua halmashauri zote kila mwaka na kumkabidhi Rais ripoti, ambayo huwasilishwa Bungeni. Maafisa masuuli huitwa mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC). Hati safi huchukuliwa na wengi kama ushahidi kwamba hakuna wizi. Kwa kweli inamaanisha kuwa hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Hati hiyo haisemi kama choo cha shule kilichojengwa kinastahili bei yake.

Kasoro zinazorudiwa katika ripoti hizo ni makusanyo ya mashine za POS yasiyopelekwa benki, manunuzi yasiyofuata taratibu na mikopo isiyorejeshwa. Mikopo hiyo isiyo na riba hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023, baada ya ripoti ya CAG, serikali ilisimamisha utoaji wake ili kupanga utaratibu mpya, na mikopo ikarejeshwa mwaka 2024. Katika kipindi hicho vikundi ambavyo havikuwa na kosa lolote vilisubiri pamoja na vile vilivyokuwa hewa.